Patrice Lumumba na chupa iliyokatazwa

Tarehe 2 Julai 1925, mtoto mwanaume alizaliwa katika kijiji cha Onalua, inchi ya Watetela, kule Sankuru. Baba yake alikuwa mkulima, François Tolenga, na mama yake Julienne Wamato. Yule mtoto njo Patrice Emery Lumumba. Miaka 35 mbele yake, siku ile ile ya 2 Julai, mwaka 1890, wakubwa wa Ulaya walitia sahihi barua moja kule Brussels. Ilisema mambo ya kumaliza biashara ya watumwa, lakini ndani yake kulikuwa pia sheria juu ya pombe kali: katika sehemu kubwa ya Afrika, Kongo yetu ikiwa ndani, pombe kali ilipaswa kukatazwa ao kulipishwa kodi. Lumumba alizaliwa akaikuta ile sheria, na sehemu kubwa ya maisha yake ilipita chini yake.

Wasomaji wetu wanajua Lumumba wa uhuru. Wanajua Lumumba wa 30 Juni na Lumumba aliyeuawa Katanga. Leo sisi wa sendika tunataka kumusimulia kwa njia ingine, juu ya swali moja linalorudi kila mara katika mikutano yetu, hapa Wagenia na kwenye kariere za Tshopo: Leta ana haki gani ya kuingia ndani ya kikombe cha mtu? Watu wanabishana sana. Wengine wanasema pombe kali ikatazwe kabisa kwa wafanyakazi wa machimbo. Wengine wanasema mshahara ni wa mtu na tumbo ni la mtu. Maisha ya Lumumba yanaweza kutusaidia kufikiri, juu yeye aliipitia hii habari pande zote: alikatazwa, akapewa ruhusa, akauza, na mwisho akawa yeye mwenyewe serikali.

Karani wa machimbo

Lumumba alisoma kwa wapadri, kisha kwa Wamethodiste. Hakumaliza shule nyingi. Alipokuwa kijana wa miaka 18 hivi, aliacha Sankuru akaenda Maniema kutafuta kazi. Hii wengi wetu hatuijui: alifanya kazi katika kampuni ya machimbo. Ilikuwa Symétain, yenye kuchimba bati kule Kalima. Alikuwa karani, hakushika mtarimbo, lakini aliona maisha ya wachimbaji kwa macho yake.

Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya dunia. Wajapani walikuwa wamekamata Malaya mwaka 1942, bati ya Asia ikapotea, na Waingereza na Wamarekani wakahitaji bati ya Kongo. Wakubwa waliita kazi ya ile wakati nguvu ya vita. Katika vijiji watu walilazimishwa kutoa siku zao, na katika machimbo waliongezewa kazi. Kugoma kulikatazwa. Mwezi wa Desemba 1941, kule Élisabethville, wafanyakazi wa Union Minière walipogoma juu ya mshahara, askari waliwapiga risasi kwenye uwanja wa mupira.

Tukumbuke kampi za kampuni zilikuwa namna gani. Kampuni ilikupa nyumba, posho, hospitali, shule ya watoto. Lakini ilihesabu pia nani analala kwako, bibi yako anapika nini, umelewa ao hapana. Kampi ilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na mlinzi. Wazee wetu walikula vizuri kuliko watu wa kijiji, hii ni kweli, lakini maisha yao ya nyumbani yaliandikwa katika kitabu cha mtu mwingine.

Sheria yenye rangi

Mwaka 1944 Lumumba aliteremka mpaka Stanleyville, ndiyo Kisangani yetu ya leo. Aliingia kazi ya posta. Mwaka 1947 alitumwa Léopoldville kusoma shule ya posta, akarudi na cheo. Alioa bibi yake Pauline Opango mwaka 1951. Alisoma vitabu usiku, akaandika katika magazeti, akawa mkubwa wa vyama vingi vya watu wenye kusoma, na pia mkubwa wa chama cha wafanyakazi wa posta. Sendika za Waafrika zilikuwa zimeruhusiwa mwaka 1946 tu, tena kwa masharti mingi. Kwa hiyo tunaweza kusema alikuwa mwenzetu.

Katika Stanleyville ya ile wakati, mji ulikuwa miji miwili: mji wa Wazungu na site ya Weusi. Usiku Mweusi hakutembea katika mji wa Wazungu bila karatasi. Na juu ya pombe, sheria ilikuwa wazi. Mweusi aliweza kununua bia ya fakitire. Bia ya Primus ilikuwa ikitengenezwa Léopoldville tangu mwaka 1926. Lakini wiski, konyaki na hata divai, Mweusi alikatazwa. Mzungu alikunywa kila kitu, saa yoyote, akiwa mwalimu ao akiwa mlevi.

Wakubwa walisema sheria hii ni kwa kulinda Weusi. Hatupaswi kucheka haraka. Kuna ukweli ndani yake: mapombe makali ya biashara yaliharibu vijiji vingi vya pwani ya Afrika zamani, na mapatano mengine ya Saint-Germain mwaka 1919 yalikataza kuleta yale mapombe mabaya. Lakini tuangalie vizuri. Barua ya 1890 ilimupa mfalme Leopold ruhusa ya kulipisha kodi vitu vinavyoingia Kongo, kitu alichokuwa amekatazwa mbele. Kwa hiyo pale pale wakubwa waliposema wanalinda watu, sanduku la mfalme lilifunguka. Na ile serikali iliyojali ini la Mweusi njo ile ile iliyomupiga fimbo mgongoni juu ya mpira na pembe.

Na sheria haikumaliza pombe kali. Watu walipika lotoko kwa mahindi na muhogo, usiku, porini ao nyuma ya nyumba. Wanaopika walikuwa mingi wamama. Askari walipokuja, mama njo aliyekamatwa, pipa lake likavunjwa, naye akalipa amende. Lotoko ilipikwa kwa haraka na kwa woga, na lotoko iliyopikwa vibaya inaharibu macho na ini. Kitu kikifichwa, hakuna mtu anayeweza kukipima.

Glasi ya maji kule Brazzaville

Kuna habari moja ya Lumumba ambayo marafiki zake walisimulia. Alipokuwa kwenye shule ya posta Léopoldville, alivuka mto akaenda Brazzaville, upande wa Wafaransa. Alitembea, akasikia kiu. Akasimama mbele ya kafe moja ya Wazungu, akibaki inje, juu kwa upande wa Wabelgiji Mweusi hakuweza kuingia pahali pa namna ile. Mwanamke Mzungu, mwenye kafe, alimuona akamukaribisha aketi ndani sawa mteja mwingine. Lumumba alishangaa. Hakuomba bia wala divai. Aliletewa maji ya chupa, akaketi katikati ya Wazungu na glasi yake.

Sisi tunaona hii habari ndogo inaeleza sheria ya pombe kuliko vitabu. Shida ya Lumumba haikuwa kulewa, juu kule Brazzaville alikunywa maji. Kitu kilichomugusa moyo ni kwamba mtu mzima alipokewa sawa mtu mzima. Kwa Wabelgiji, kukataza pombe kulikuwa njia moja ya kusema Mweusi ni mtoto. Mtoto hapewi divai, mtoto analala mapema, mtoto hachagui wakubwa. Ukikubali neno la kwanza, mengine yanafuata.

Leta ndani ya chumba cha kulala

Wabelgiji waliweka ngazi kwa Weusi waliosoma. Tangu 1948 kulikuwa karte ya heshima ya raia. Mwaka 1952 wakaweka ngazi ya juu zaidi, imatrikulasio, ambayo ilimupa Mweusi haki fulani sawa na Mzungu. Lakini kwa kuipata, komisio ilifika nyumbani kwako. Waliangalia jikoni, choo, vitabu. Waliangalia kama bibi anakula mezani pamoja na bwana yake. Waliuliza maswali ya mambo ambayo hata shemeji yako hawezi kukuuliza.

Lumumba aliomba, wakamukataa mara ya kwanza. Akaomba tena, akaipata mwaka 1954. Katika Kongo nzima waliopata walikuwa wachache mno. Yeye alikuwa mmoja wa watu wenye kuheshimiwa sana Stanleyville. Mwaka 1955 mfalme Baudouin alipopita hapa, alizungumza naye. Katikati ya miaka ile, makatazo ya divai na pombe kali yalianza kulegezwa, kwanza kwa hao wenye karte. Kwa hiyo haki ya kunywa ikawa zawadi. Ukiwa na mwenendo unaopendeza Leta, unapata glasi. Wazee wengi waliona haya kwa hiyo, hata wale ambao hawakupenda pombe.

Na kuishi namna ile kulikuwa na bei. Nyumba ya evolue ilihitaji viti, vitambaa, vitabu, suti, wageni. Mshahara wa karani Mweusi haukufika hata karibu ya mshahara wa Mzungu wa posta. Mwaka 1956 Lumumba alialikwa kutembelea Ubelgiji. Aliporudi, mwezi wa Julai, alikamatwa: katika posta kulikosekana pesa, zaidi ya franka 100.000. Alikubali kwamba alizichukua. Hatutafuti kuficha, juu mtu mkubwa haombi tumufichie makosa. Alihukumiwa miaka miwili, ikapunguzwa, akatoka gerezani mwaka 1957. Ndani ya gereza aliandika kitabu kizima juu ya Kongo, ambacho kilichapishwa akiwa amekwisha kufa.

Muuzaji wa Polar

Hapa hadithi inageuka. Akitoka gerezani, Lumumba hakuweza kurudi posta. Alienda Léopoldville, akapata kazi katika kampuni ya bia, Bracongo, yenye kutengeneza Polar. Mtu ambaye Leta alimunyima divai, sasa alilipwa kwa kufanya watu wakunywe.

Wakati ule kulikuwa vita ya bia. Polar ilishindana na Primus ya Bralima, na watu wa Abako, wafuasi wa Kasa-Vubu, walikuwa wengi upande wa Primus. Uvumi ulipita katika site kwamba Polar inamaliza nguvu za mwanaume. Biashara ikaanguka. Lumumba aliingia baa kwa baa, akasimama katikati ya watu, akatoa bia ya bure, akasema kwa Lingala, kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, na watu wakasikiliza. Uvumi ulipungua, Polar ikauzika, na yeye akapanda cheo mpaka kuwa mkubwa wa biashara.

Wengine wanamulaumu: kumbe shujaa wetu aliuza pombe? Sisi tunasema tuangalie baa zilikuwa nini. Kwa Weusi, vyama vya siasa havikuwa na ruhusa, mikutano ilitazamwa na polisi. Lakini baa ilikuwa wazi. Pale mfanyakazi wa gati, dereva, fundi na karani waliketi meza moja na wakasema mambo. Wabelgiji walifikiri bia ni kitu kisicho na hatari, inatuliza watu na inaleta kodi. Hawakuona kwamba mtu mwenye kutembea meza kwa meza anajifunza majina, mashauri na hasira za mji mzima. Tarehe 5 Oktoba 1958 MNC ilianzishwa, na Lumumba akawa mkubwa wake. Mwezi wa Desemba alikuwa Accra, katika mkutano wa Waafrika wote.

Lakini upande mwingine pia ni kweli. Bia iliyouzwa na Lumumba ilikuwa ya kampuni ya Wazungu, na faida ilipanda juu. Franka ya mfanyakazi ilitoka kwa kampuni moja Jumamosi, ikaingia kwa kampuni ingine Jumapili. Mtu aliyelipwa siku ya mshahara na kumaliza yote siku ile, hawezi kugoma hata wiki moja. Hii sisi wa sendika tunaijua kuliko mtu yeyote.

Kisangani, na njia isiyofika

Mwaka 1959 Lumumba alirudi Stanleyville kwa mkutano wa MNC. Ulikuwa mji wake. Mwisho wa Oktoba fujo ilitokea, askari wakapiga risasi, watu zaidi ya 20 wakakufa. Alikamatwa tena. Mwezi wa Desemba, akiwa gerezani, chama chake kilishinda hapa karibu kura zote. Januari 1960 walimuhukumu miezi sita, na siku chache nyuma wakamutoa wampeleke Brussels kwenye mazungumzo ya uhuru, juu bila yeye mazungumzo hayakuwezekana.

Tarehe 30 Juni 1960 alikuwa waziri mkuu. Alikuwa na miaka 34. Yote yaliyofuata tunayapita haraka: askari walioasi tarehe 5 Julai, Katanga iliyojitenga tarehe 11 Julai, Union Minière iliyomulipa Tshombe kodi ya Kongo nzima, Kasa-Vubu aliyemufukuza Septemba 5, Mobutu aliyekamata nguvu. Tarehe 27 Novemba Lumumba alitoroka Léopoldville kwa gari, akitaka kufika Stanleyville, ambapo watu wake walimungoja. Kule Lodi, kwenye mto Sankuru, alikamatwa. Hakuyaona tena maporomoko ya Wagenia.

Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa karibu ya Élisabethville, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Walioandika uchunguzi wa ile usiku wanaeleza kwamba mawaziri wa Katanga walikunywa sana. Polisi Mbelgiji aliyekata na kuyeyusha miili, na msaidizi wake, walikunywa pia kwa kuweza kufanya ile kazi. Wakubwa walioandika sheria kwamba Mweusi hawezi kuvumilia wiski, watu wao wenyewe walihitaji wiski kwa kumaliza Mweusi mmoja. Jino moja tu la Lumumba lilibaki. Ubelgiji ilirudisha jino hilo mwezi wa Juni 2022, sanduku lake likapita hapa Kisangani, na tarehe 30 Juni likazikwa Kinshasa.

Swali letu

Sasa turudi kwenye kariere. Ajali ikitokea, mtu akifunikwa na udongo, wakubwa wanauliza kwanza: alikuwa amekunywa? Mara nyingine ndiyo. Lakini mara nyingi hakuna anayeuliza kama mbao za kushikilia shimo zilikuwepo, kama pampu ya maji ilifanya kazi, kama yule mtu alikuwa amefanya masaa 14. Chupa inakuwa mshitakiwa wa kwanza, na mwenye shimo anarudi nyumbani salama. Kisha amri inatoka ya kukataza pombe, na mama mwenye kuuza glasi mbili za lotoko kwa kununua daftari za watoto anavunjiwa vyombo. Mkubwa anayeandika amri anakunywa yake hotelini.

Hii haina maana kwamba tunasifu lotoko. Tumezika vijana. Tunajua bibi wanaopigwa siku ya mshahara, na watoto wanaolala bila kula. Mtu akiteremka katika shimo amelewa, anaua mwenzake. Kwa hiyo sheria inahitajika. Swali ni sheria ya nani, na inapiga nani.

Tuangalie jirani zetu Wagenia. Kwenye maporomoko, miti na mitego yao inasimama katikati ya maji makali, na mtu mmoja akikosea, mto unamubeba. Kila jamaa inajua pahali pake, kila mtu anajua kazi yake, na wazee wanatazama. Sheria ile haikutoka Brussels wala Kinshasa. Imetoka kwa watu ambao mto unaweza kuwaua, na inapasa mtoto wa chifu sawa mtoto wa mwingine.

Njo namna ile sendika inapaswa kufanya. Kwenye mlango wa shimo: hakuna pombe, kwa mchimbaji, kwa kapita, kwa engenieri, kwa mkubwa anayekuja kutembelea, wote sawa. Wachimbaji wenyewe wachague watu wa kulinda hii sheria, na wawe na nguvu ya kumurudisha nyumbani mlevi bila kumukata kazi mara ya kwanza. Mshahara ulipwe kwa siku inayojulikana, na mabibi wajue ni siku gani. Wenye kupika wapewe njia ya kupimiwa pombe yao, si kukimbizwa porini. Na inje ya mlango wa kazi, nyumbani kwake, mtu mzima ahesabiwe kuwa mtu mzima. Akimupiga bibi ao akinyima watoto chakula, ahukumiwe juu ya hiyo, akiwa amekunywa ao hakukunywa.

Tutaweka hii mashauri mezani kwenye mkutano wa wajumbe. Wenye kupinga waje pia, na wamama waje, juu mara zote mbili, wakati wa Wabelgiji na wakati wetu, amri ya pombe imepita juu ya migongo yao bila mtu kuwauliza.